MTOTO, SIMU NA KANUNI ZA NYUMBANI: MAZUNGUMZO YA TAWI NA WAZAZI WA FORODHANI



Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana wa maskani, na majirani mnaopokea ujumbe huu bila ya kuwa na kadi ya Chama. Haya ni maneno tuliyoyazungumza na wazazi kwenye barza ya Tawi. Tunayatuma kwa maandishi kwa ajili ya wale waliokuwa kazini bandarini na mahotelini, na kwa waliotuomba yaandikwe ili wayasome pamoja na walio nyumbani. Ni marefu kidogo. Yasomeni kwa nafasi.

Wengi wetu tumelelewa na kanuni ambayo hakuna aliyeiandika: adhana ya magharibi ikilia, mtoto awe ndani. Awe anacheza mpira, awe anajirusha baharini pale ukutani Forodhani, akiisikia anakimbia nyumbani. Na si baba yake peke yake aliyeisimamia. Mzee yeyote aliyekaa barzani alikuwa na haki ya kumuuliza, "We mtoto wa nani, mbona bado uko nje?" Ilishika kwa sababu ilikuwa moja kwa nyumba zote, na kila mkubwa aliijua.

Siku hizi mtoto yumo ndani hata kabla ya magharibi. Tunahesabu vichwa, tunafunga mlango, tunasema alhamdulillahi. Kumbe yuko ghorofani na simu aliyoletewa na ami yake kutoka Maskati, na nyumba nzima hakuna anayejua masharti ya simu ile. Baba kasema isitumiwe usiku. Bibi kampa yake kwa sababu mtoto analia. Dada mkubwa kamfungulia TikTok kwa mwaka wa kuzaliwa usio wake. Mama anajua neno la siri la zamani. Nyumba ya namna hii haina kanuni, ina ugomvi tu, na mtoto mwenye akili anajua apite kwa nani.

Hatukuwaita kuwatia khofu, wala hatusemi mtandao ni shetani. Sisi wenyewe tunawasiliana hapa kwa mtandao. Watoto wanapata masomo humo, wanasikiliza Qur'ani, wanaongea na jamaa walio Oman na Uingereza. Lakini tuseme ukweli kwa takwimu. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti juu ya watoto wa Tanzania, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL. Ulionesha kwamba katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, 4 walifanyiwa unyanyasaji mzito wa kingono uliopitia mtandaoni katika mwaka mmoja tu. Kuna aliyetishiwa, kuna aliyerubuniwa kwa pesa au zawadi atume picha, na kuna aliyesambaziwa picha zake bila ya ridhaa. Kwa nchi nzima wanakadiriwa kufika watoto 200,000. Na waliokwenda polisi au kupiga simu ya msaada ni wachache mno.

Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuitishe mazungumzo. Tutalirudia.

Tuanze na mwaka wa kuzaliwa, maana wengi wanaliona dogo. WhatsApp, TikTok, Instagram na Facebook zote zinasema mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Mtoto wa miaka 10 anaandika kuwa ana 20, anaingia, na mkubwa aliyemsaidia anacheka. Lakini umri ule una kazi yake. TikTok, kwa mfano, ikijua mtumiaji hajafika miaka 16, akaunti yake inaanza ikiwa imefungwa kwa wasiomjua, na watu hawawezi kumtumia ujumbe wa faragha. Ukimwandikia miaka 20, kinga zote hizo umemvua kwa mkono wako, na mtu wa mbali anamwona kama mtu mzima. Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayopendekeza ni hii: mtoto hafunguliwi akaunti kwa umri wa uongo, na hili linamhusu dada, binamu na rafiki wa dada. Akaunti ambayo imeshafunguliwa hivyo, kaeni naye, ifutwe, isubiri umri wake. Atanuna. Mwacheni anune.

Kanuni ya pili ni ya mahali. Kwa maoni yetu mtoto wa skuli ya msingi hana haja ya simu yake mwenyewe. Atumie ya nyumbani, na aitumie ukumbini watu wakipita. Aliye sekondari mwenye simu yake, simu hiyo isilale naye. Saa 3 usiku simu zote za nyumba ziwe ukumbini kwenye chaja. Tumesema zote. Baba akibaki na yake kitandani mpaka saa 7 akiangalia mipira, hakuna kijana wa miaka 15 atakayeitii kanuni hii zaidi ya wiki moja. Kwa wale wa kidato cha nne wanaosema wanasomea kwenye simu usiku, tunawaamini, na ukumbini kuna taa. Wasomee hapo.

Wapo waliosema dawa ni kukata bando. Haikati. Sisi wakaazi wa Mji Mkongwe tunajua Wi-Fi ya hoteli na ya mkahawa inavyopenya kuta mpaka ngazini, na watoto wanajua maneno ya siri ya mtaa mzima. Wapo pia wanaotegemea programu za kudhibiti simu. Hizo zinasaidia. Ile ya Google inayoitwa Family Link haina malipo. Mzazi anaidhinisha programu kabla hazijaingia na anaweka saa za kufunga simu. Kwa wadogo tunashauri muiweke. Lakini kijana aliyekwisha jifunza VPN hatazuiwa na programu peke yake. Australia imekwenda mbali zaidi: kuanzia Disemba 2025 kampuni za mitandao ya kijamii zinatakiwa kisheria zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Hata huko mzazi hakupewa likizo.

Kwenye WhatsApp kuna jambo la dakika moja ambalo kila mzazi anaweza kulifanya leo. Ingia mipangilio ya faragha ya simu ya mtoto, weka kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye kundi ni watu aliowahifadhi tu, na picha yake iwaonekanie hao hao. Namba asizozijua zinyamazishwe. Halafu mkae naye mpitie majina yaliyomo, mmoja mmoja. Huyu nani? Mlijuana wapi? Kwa sauti ya kawaida, siyo ya askari.

Sasa la Forodhani penyewe. Kila jioni watoto wetu wanajirusha baharini pale, na wageni wanawapiga video. Ni mchezo wa miaka mingi na hatutaki uzuiwe. Ila zamani picha ilikwenda na mgeni kwenye albamu yake. Sasa inaruka dunia nzima kabla mtoto hajakauka maji. Na mara nyingine mgeni anasema, "Nipe namba nikutumie," na mtoto anatoa namba yake au jina lake la Instagram kwa mtu mzima asiyemjua. Hapo ndipo tunapotaka kanuni. Namba ya mtoto haitolewi kwa mgeni, awe wa nje au wa bara au wa hapa hapa Unguja. Anayetaka kutuma picha apewe namba ya mzazi. Vijana mnaouza juisi ya miwa na mishikaki pale mko kila siku, na macho mnayo. Mkiona mtu mzima anamfuatafuata mtoto na simu, muulizeni, kama wazee wa barza walivyouliza.

Kuna jambo zito kidogo, nalo ni walimu. Siku hizi kazi za skuli na za tuisheni zinapitia makundi ya WhatsApp, na walimu wanaofanya hivyo wanatusaidia sana. Lakini mwalimu na mwanafunzi, wa skuli au wa chuo, wazungumze ndani ya kundi, na mzazi mmoja au wawili wawemo. Ujumbe wa faragha kwa mtoto saa 5 usiku, hata ukiwa wa hesabu, mzazi ana haki ya kuuliza. Mwalimu mwema hatachukia. Tunajua mtu atasema, "Muhali, yule ametusomeshea watoto wote." Ndiyo hapo hapo panapotakiwa kuuliza.

Na kusimamia? Mtoto amevunja kanuni, mnafanyaje? Adhabu iwe inajulikana kabla ya kosa na iwe inalingana nalo. Amechelewa kuirejesha ukumbini, kesho haitumii. Amefungua akaunti ya siri, simu inakaa kwa mzazi wiki nzima. Anayetoa adhabu awe mmoja na wengine wasiifungue. Bibi zetu, kwa heshima zote, hapa tunawaomba msitupindue. Bakora haitamfundisha chochote kuhusu mtandao isipokuwa kuficha vizuri zaidi. Na simu isivunjwe ukutani. Tutaeleza sababu.

Haya yote yana kanuni moja iliyo juu yake, na mtu akisahau mengine yote, hii asiisahau. Mtoto akija mwenyewe kusema kuna jambo limemfika mtandaoni, hapigwi, hatukanwi, na hanyang'anywi simu kwa kuwa amesema. Hata kama alikosea. Hata kama alituma picha. Hata kama ile akaunti alikatazwa.

Fikirini namna mambo haya yanavyokwenda. Mtu anamrubuni binti wa miaka 14 kwa wiki kadhaa, au anamjia kijana wa kiume kwa sura ya msichana. Anapata picha moja. Siku ya pili anasema: tuma nyingine, au tuma pesa, au njoo mahala fulani, la sivyo namtumia baba yako. Silaha yake mtu huyo ni nini? Hana bunduki. Silaha yake ni baba. Anaamini mtoto anamuogopa baba yake kuliko anavyomuogopa yeye. Nyumba ambayo mtoto anajua kwa yakini kwamba akisema atasikilizwa, mtu yule hana kitu mkononi. Kwa hiyo ahadi hii isikae moyoni. Mwambieni mtoto kwa maneno, mbele ya wenzake, na mtakapoanza kuandika kanuni zenu iandikeni juu kabisa.

Akishasema, msilipe chochote, kwani anayelipwa hurudi. Msifute ujumbe wala msivunje simu, maana ushahidi umo ndani yake. Chukueni picha ya skrini ya vitisho, namba na jina la akaunti, kisha mzuieni mtu huyo. Picha ya mtoto mwenyewe msiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema. Pelekeni simu yenyewe. Pigeni 116, simu ya msaada kwa mtoto, haina malipo. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono kilichopo Hospitali ya Mnazi Mmoja. Ipo pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya kuzuia picha za aliye chini ya miaka 18 zisisambae kwenye mitandao inayoshiriki. Simu inatoa alama tu, picha yenyewe haiondoki mikononi mwenu.

Na msimalize nyumbani. Sote tunajua Zanzibar kesi za udhalilishaji zinavyokufa: aliyefanya ni jamaa, wazee wanakaa, wanapatana, mtoto anaambiwa anyamaze kwa sababu ya muhali. Mahakama maalumu ya makosa haya imewekwa tangu 2021. Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na haikuweka "isipokuwa akiwa ni jamaa".

La mwisho linatuhusu sisi wakubwa na makundi yetu. Ikitokea video ya mtoto aliyedhalilishwa, wapo wanaoirusha kwenye makundi "ili watu wajue". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kusambaza picha za ngono za mtoto adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 7 au faini isiyopungua milioni 50, au vyote viwili. Haiulizi nia yako ilikuwa nini. Na yule mtoto anadhalilishwa upya kila mkono inapopita. Kwenye makundi ya Tawi hili anayetuma kitu cha namna hiyo anaondolewa siku hiyo hiyo, awe mwanachama mpya au kiongozi, na taarifa inakwenda polisi.

Jumamosi baada ya sala ya laasiri afisi ya Tawi itakuwa wazi mpaka magharibi. Vijana wetu wanaojua simu watakuwepo kuwasaidia kuweka mipangilio tuliyoitaja, bila ya malipo. Njoo na simu, na uje na mtoto mwenyewe, tusiiguse simu yake akiwa hayupo. Kina mama ambao hawapendi kuja afisini, wapo dada zetu wawili watakaopita majumbani. Mwambieni balozi wenu. Leteni pia karatasi na kalamu. Kanuni za kila nyumba zitaandikwa na wenye nyumba wenyewe, na mtoto atie saini yake chini.

Wabillahi tawfiq.

Uongozi wa Tawi
Forodhani, Unguja