Kuhakiki Siyo Kazi ya Serikali Peke Yake

Makamanda, kuna neno kila mkulima wa korosho Masasi na Newala analijua: kuhakiki. Novemba 2018 serikali ilitangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Halafu tukaambiwa subirini, tunahakiki. Una mikorosho mingapi? Mzigo ni wako au wa kangomba? Kumsaka kangomba, sawa. Lakini mkulima mwenye shamba lake halali naye akakaa anasubiri hela.

Sasa sikilizeni. Kukagua ni kuangalia kama kitu kiko sawa, kama tunavyokagua korosho ghalani tujue ni daraja la kwanza au la pili. Kuchunguza ni kutafuta kilichofichwa. Kuhakiki ni kupata hakika, na neno hili ni ndugu wa damu na haki. Basi haliwezi kwenda upande mmoja tu!

Wakihakiki shamba langu, na mimi nihakiki mizani ya AMCOS, bei ya mnada na kila makato kwenye kilo yangu. Kama ni mwanachama, mkutano mkuu ukiitwa nenda. Taka ripoti ya ukaguzi isomwe, mstari kwa mstari. Usipige makofi kabla hujaelewa.