Njia ya Baiskeli Kando ya Mto ni Suala la Ardhi

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mjini Dar es Salaam mbele ya walimu na wanafunzi wa mipango miji.



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo. Jambo lenyewe ni njia za changarawe za kuendeshea baiskeli ndani ya bustani za miji na kandokando ya mito, mahali ambapo gari haliruhusiwi kupita. Najua wapo watakaouliza: je, katika miji ambayo bado inahangaikia maji safi na mifereji ya maji machafu, hakuna la maana zaidi la kuzungumza kuliko starehe ya kuendesha baiskeli? Swali hilo ni la haki, wala sikusudii kulikwepa. Nia yangu ni kuonyesha kwamba njia ya namna hiyo ni suala la ardhi, yaani nani aitumie, kwa kazi gani, na nani aamue. Aidha nitaonyesha kwamba sisi wa Dar es Salaam tunayo nafasi ya kulijibu suala hilo sasa, na nafasi hiyo haitatungojea milele.

Nitachukua mfano wa mji wa München, kusini mwa Ujerumani. Mji huo unapitiwa na mto Isar, ambao chanzo chake ni milima ya Alps, na ambao hufurika kwa ghafla mvua kubwa inaponyesha huko milimani. Mwaka 1789 mtawala wa nchi hiyo, Karl Theodor, aliamuru itengenezwe bustani kubwa karibu na mto huo. Kazi ilisimamiwa na Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Count Rumford. Bustani hiyo, iitwayo Englischer Garten, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1792, na leo ina ukubwa wa zaidi ya hekta 370.

Ndani ya bustani hiyo njia nyingi ni za changarawe iliyoshindiliwa. Humo hupita mzee na mkongojo wake, mtoto anayejifunza baiskeli, na mfanyakazi anayekwenda kazini asubuhi bila kunusa moshi wa gari. Yafaa ieleweke kwamba ardhi hiyo ilitengwa mapema. Kama ingekatwa viwanja wakati mji ulipokuwa ukipanuka, leo hakuna serikali ambayo ingeweza kuinunua upya. Hata hivyo shinikizo la magari halikuiacha. Katika karne ya 20 barabara kubwa iitwayo Isarring iliikata bustani hiyo vipande viwili. Hilo ni onyo kwetu kwamba kutenga ardhi peke yake hakutoshi. Hapana budi kuilinda kizazi hata kizazi.

Sasa tuutazame mto wenyewe. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mafundi waliunyoosha mto Isar, wakaubana kwa kingo za mawe na saruji, na maji yake mengi wakayaelekeza kwenye mfereji wa kuzalisha umeme. Mto ukawa kama mtaro. Kati ya mwaka 2000 na 2011, Jimbo la Bavaria na Halmashauri ya Mji wa München zikashirikiana kuurudishia mto huo nafasi yake kwa urefu wa kilomita 8. Kingo ngumu zilivunjwa, mkondo ukapanuliwa, matuta ya kuzuia mafuriko yakaimarishwa, na wananchi wakapewa tena ufuko wa kokoto wa kukaa na kuogelea, pamoja na njia za kutembea na kuendesha baiskeli. Gharama ilikuwa kiasi cha Euro milioni 35.

Fundisho la hapo ni hili: kazi moja ilikusudiwa kuleta faida tatu kwa pamoja. Ililenga kuukinga mji na mafuriko, kuhuisha mto, na kuwapatia watu mahali pa kupumzika na pa kupita. Hakuna aliyesema, tumalize kwanza mambo ya mafuriko, halafu miaka 20 baadaye tufikirie njia ya watu. Tuta linalojengwa kuzuia maji ndilo hilo hilo linaloweza kubeba njia juu yake, likishajengwa kwa upana unaofaa.

Ndugu wasikilizaji, nimeuleta mfano huu hapa kwa sababu Dar es Salaam nayo ina mto wake. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya makazi ya watu, ukavuka Jangwani, na hatimaye kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Sote tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu zaidi ya 40 mjini humu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tumeona pia jinsi Barabara ya Morogoro inavyofungwa pale Jangwani kila maji yanapojaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo. Katika mipango yake imo bustani kubwa ya mji, mahali ambapo maji yataachiwa nafasi ya kutapakaa bila kuua mtu.

Mkopo ni deni, na deni hulipwa na wananchi wote, wenye magari na wasio nayo. Wapo pia wenzetu waliohama mabondeni ili mto upate nafasi. Itakuwa ni dhuluma ardhi hiyo, iliyoachwa kwa machozi, ikigeuka kuwa maegesho ya magari, kumbi za sherehe, au viwanja vya wachache wenye uwezo. Ikiwa itakuwa bustani, basi na iwe bustani ambayo kijana wa Kigogo na mama wa Magomeni wanaweza kuipita kwa miguu au kwa baiskeli, bila kulipa kiingilio na bila kuhofia kugongwa.

Nayo njia ya changarawe haihitaji mitambo ya ajabu. Udongo laini wa juu huondolewa, kisha hutandazwa mawe makubwa kiasi, na juu yake moramu au kokoto ndogo zenye vumbi la mawe ili zishikane. Tabaka hizo hunyunyiziwa maji na kushindiliwa, kisha huachiwa mgongo kidogo katikati ili mvua iteremke pembeni kwenye mifereji. Upana wa mita 3 au 4 unatosha waendao kwa miguu na waendao kwa baiskeli kupishana kwa adabu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na vijana wa mitaa ile ile, kwa majembe, sepeto na matoroli. Aidha njia ya changarawe humpunguzia mwendeshaji pupa. Mwenda pole hajikwai, na juu ya kokoto hata mwenye haraka hujifunza upole.

Sitaki, hata hivyo, kuwapambia ukweli. Changarawe huliwa na maji. Masika moja mabaya yanaweza kuchimba makorongo katika njia isiyotunzwa, na njia iliyo chini kabisa karibu na mto itafunikwa kila mwaka. Kwa hiyo njia kuu ipitishwe juu ya tuta, ile ya chini ihesabiwe kuwa ya kiangazi, na fedha za matengenezo zitengwe tangu siku ya kwanza. Tatizo la pili ni pikipiki. Njia yoyote iliyo wazi, bodaboda ataiona kuwa ni ya mkato. Vizuizi vitahitajika, lakini viwekwe kwa busara, maana kizuizi chembamba kinachomzuia bodaboda kinaweza pia kumzuia ndugu yetu mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu. Kwa sababu hiyo walinzi na sheria ndogo za halmashauri hazitaepukika. Tatizo la tatu ni usalama. Njia isiyo na taa wala watu ni maficho ya wezi, na dawa yake ni taa na milango mingi ya kuingilia kutoka mitaani, ili watu wasikosekane.

Wengine watasema kwamba baiskeli ni mambo ya Wazungu. Historia inakataa. Uholanzi tunayoisifu leo ilikuwa imeshika njia ya magari kama wengine. Mwaka 1971 watu kama 3,300 waliuawa barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaandamana. Mwaka 1973 ikaja shida ya mafuta, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao mji usio na magari ulivyo. Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba sisi nasi, katika miaka ile ya shida, tuliyazuia magari ya binafsi Jumapili mchana. Tofauti ni kwamba shida ilipopungua, wenzetu waliendelea kujenga njia za baiskeli, nasi tukarudi kwenye magari. Muuza samaki, muuza mkaa na fundi seremala hawakuacha baiskeli zao. Ila walisukumwa pembeni, wakaachiwa mtaro.

Ndugu Mwenyekiti, ninyi vijana mnaosomea mipango miji ndio mtakaokaa mbele ya ramani hizo. Nawaomba mtakapoitwa kutoa maoni, mtake mambo matatu yaandikwe. Kwanza, njia isiyokatika, ya miguu na ya baiskeli, kwa urefu wote wa bonde litakaloendelezwa, yenye kupita chini ya madaraja bila kumlazimisha mtu kuvuka barabara ya magari. Pili, fungu la kila mwaka la kuitunza. Tatu, hati inayotamka kwamba ardhi hiyo ni ya umma, haigawiwi wala haikodishwi kipande kipande. Mstari unaokosekana kwenye ramani leo utagharimu bomoabomoa kesho, na atakayebomolewa, kama kawaida, atakuwa ni mnyonge.