Kungoja Jibu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu na jamaa mliotoka Mombasa, Muscat, Toronto na miji ya hapa Uingereza:

Kamati iliniomba nizungumze na vijana wetu juu ya kutafuta kazi ugenini. Namna ya kuandika maombi wanaijua kunishinda mimi. Kwa hivyo nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni kungoja.

Mwaka 2022 niliomba kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Nilifanyiwa usaili mara mbili. Mara ya pili nilionyeshwa hata meza ambayo ningeikalia, nikaambiwa kwamba jibu lingekuja baada ya wiki mbili. Usiku ule nilimpigia simu mama, na kulipokucha mtaa mzima ulikuwa na habari. Wanaomjua mama hawatashangaa.

Wiki mbili zikapita, kisha sita. Kila nilipouliza niliambiwa kuwa uamuzi bado. Katika wiki ya saba ofisi nyingine, ndogo na yenye mshahara mdogo, ilinipa kazi na kutaka jibu langu kabla ya Ijumaa. Nikaomba muda, wakampa mwingine. Nikabaki na zamu zangu za usiku ghalani, na kila Jumapili mama akiniuliza, "Wamekwambiaje, mwanangu?" Ikafika siku nikaacha kupokea simu yake. Hilo laniuma hadi leo kuliko kazi yenyewe.

Jibu lilifika wiki ya kumi na tisa: mistari mitatu, bila jina la mtu, kutoka anwani isiyopokea majibu. Kukataliwa nilikwisha kukuzoea; lakini jibu lile, lau lingekuja mapema, ningekuwa nimeshika ile kazi ndogo.

Hapa Uingereza hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kumjibu kila mwombaji. Ipo, hata hivyo, haki ya kuomba kuonyeshwa maelezo yanayokuhusu wewe, iliyomo katika sheria za kulinda data za mwaka 2018, na kwa kawaida ombi hilo hujibiwa katika muda wa mwezi mmoja. Vijana, itumieni. Mimi niliomba maandishi ya usaili wangu, nikayapata. Yalionyesha kuwa nilikuwa wa pili, na kwamba nibakizwe mpaka aliyechaguliwa amalize miezi mitatu ya majaribio. Uamuzi, basi, ulikwisha kufanywa zamani. Mimi niliwekwa kama gurudumu la akiba. Ndugu zetu wa Toronto wana afadhali kidogo: tangu tarehe 1 Januari 2026, sheria ya jimbo la Ontario inawataka waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi wamjulishe aliyefanyiwa usaili, katika muda wa siku 45, kama uamuzi umefanyika.

Nilipokuwa nikiandika hayo ya gurudumu la akiba, kalamu ilisita. Kuna mpwa wangu mmoja aliyeniandikia miezi minne iliyopita kuomba chumba, apate pa kukaa huku akitafuta kazi. Nilimjibu, "Nitakujulisha." Chumba kilikuwa kitupu. Nilikuwa nikingojea mpangaji wa kulipa vizuri zaidi, na wakati huohuo sikutaka kumpoteza kijana, endapo mpangaji hatapatikana. Aliniuliza tena mara mbili, kwa adabu, kama nilivyokuwa nikiwauliza wale wa kampuni.

Yuko hapa leo, ameketi na wenzake karibu na mlango. Mjomba wako nakuomba radhi mbele ya ukoo. Chumba ni chako tangu Jumatatu, ikiwa bado unakihitaji; na kama umekwisha kupata kwingine, niambie leo hii kabla hatujatawanyika.