Maji Katika Chupa ya Losheni

Sokoni Kasulu, mkoani Kigoma, mawese huuzwa kwenye chupa zilizowahi kubeba maji ya kunywa, na mnunuzi mzoefu haulizi bei kabla hajaiinua chupa kuitazama kwenye mwanga. Anatafuta wekundu usio na ukungu. Chini kabisa anatafuta kitu kingine: utando wa maji. Mawese yenye maji huchacha upesi, na mpishi wa Kigoma analijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Mhadhara huu unaanzia kwenye utando huo, kwa sababu ujuzi wa mpishi, kwa bahati mbaya, huishia jikoni. Mama yuleyule aliyekataa mawese yenye maji atanunua losheni ambayo sehemu kubwa ni maji, ataiweka juu ya kabati mwaka mzima, na hatashangaa kwamba haijaoza. Kisha atahudhuria somo la ujasiriamali la siku moja, atatengeneza losheni yake mwenyewe kwa mshubiri wa uani, na siku ya tano atafungua kopo akutane na harufu. Atalaumu mshubiri. Mshubiri hauna kosa; ute wake ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, na maji yenye chakula ndani yake huota vijidudu, yawe ya Kasulu au ya Paris.

Malighafi za kutengeneza vipodozi katika nyanda hizi si haba. Mawese mengi hupanda kutoka ukanda wa Ziwa Tanganyika. Asali na nta hutoka kwenye miombo ya Kibondo, kule misitu inakoelekea pori la Moyowosi, ambako mizinga bado hutundikwa juu ya miti. Alizeti inakamuliwa, parachichi zinaanguka chini ya miti yake. Mtu akisoma kopo la mafuta ya midomo lililotoka Ulaya atawakuta majirani zake wamevaa majina ya Kilatini: Cera Alba ni nta, Mel ni asali, Elaeis guineensis ni mchikichi. Swali linalobaki ni kipi kati ya hivyo kinaweza kuwa kipodozi salama kwenye jiko la mkaa, na kipi hakiwezi.

Nta inaweza. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na njia yake ni bakuli lililokalishwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Kasulu iko juu kiasi kwamba maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 95 au 96 hivi, na bado joto hilo linatosha na kubaki. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya alizeti, kwa uzito, hutoa mafuta ya mgando ya kupaka midomo na visigino vilivyopasuka. Mtengenezaji mwenye subira hudondosha tone kwenye kijiko cha baridi, hungoja ligande, hulibonyeza kwa kidole. Likiwa gumu anaongeza mafuta. Likiteleza anaongeza nta. Anayeuza mpaka Kigoma mjini, kandokando ya ziwa, huongeza nta kidogo tangu mwanzo, kwa sababu mjini kuna joto kuliko milimani na kopo lililokuwa imara Kasulu hufika likiwa limelegea.

Mafuta haya hayana maji, na bakteria hawaoti pasipo maji. Adui yake ni hewa na mwanga, vinavyoyafanya yachache polepole. Hapo ndipo vitamini E inapofaa: hupunguza kasi ya kuchacha. Wafundishaji wengi huiita kihifadhi, na neno hilo limewaponza watu. Vitamini E haiui bakteria hata mmoja. Kuitia kwenye losheni yenye maji ili isioze ni sawa na kufunga mlango wa mbele huku dirisha la nyuma likiwa wazi.

Wengine hutamani kutia asali kwenye mafuta hayo, na Kibondo tamaa hiyo inaeleweka. Asali haikubali. Huzama na kujikusanya chini kama changarawe inayonata, kwa sababu ni sukari iliyoyeyuka kwenye maji machache, na mafuta na maji hayapatani bila mpatanishi. Jambo la kufurahisha ni kwamba asali yenyewe haiozi kwa sababu ileile: maji yake, chini ya asilimia 20 ikiwa imeiva vizuri, yameshikwa na sukari kiasi kwamba vijidudu havipati cha kunywa. Ichanganye na maji ya bomba, ngoja siku chache, utapata povu la uchachu. Warina asali wanalijua hili kutokana na pombe.

Sabuni ni habari ndefu zaidi, na ndiyo inayoumiza watu.

Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo, sabuni imekuwa sehemu ya mgao. Nje ya kambi ni bidhaa ya kwanza ambayo kikundi cha akina mama hufikiria kutengeneza kikishapata mtaji. Mawese yapo, kostiki soda inauzwa madukani. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi hupima kwa vijiko na vikombe. Kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya mchikichi uleule, yanahitaji karibu gramu 176. Atakayebadilisha mafuta bila kubadilisha kipimo, ama atapata sabuni yenye mafuta yanayoelea, ama atapata sabuni yenye kostiki iliyobaki, na hiyo ya pili huchubua. Watengenezaji makini hupunguza kostiki kwa asilimia 5, ikawa gramu 134 kwa kilo ya mawese, ili kibaki kiasi kidogo cha mafuta upande wa usalama. Kijiko hakiwezi kupima gramu saba. Mizani ya jikoni inaweza, na kwa maoni ya mhadhara huu mizani inunuliwe kabla ya rangi, kabla ya pafyumu, kabla ya lebo.

Kisha kuna sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na kostiki hula alumini: hutokota, huchemka, hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na sufuria hubaki na vitobo. Ndoo ngumu ya plastiki ndiyo chombo. Kostiki humwagwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwa kuwa mchanganyiko hupanda joto ghafla na unaweza kuruka usoni. Glavu, miwani, watoto mbali, mlango wazi. Sabuni ikishamiminwa kwenye kiboksi hukatwa baada ya siku moja au mbili, halafu huachwa kwenye rafu yenye hewa wiki nne hivi. Wiki hizo nne ndizo ambazo mwenye haja ya fedha hushindwa kuzivumilia.

Sabuni ya mawese peke yake ni ngumu na haitoi povu jingi. Povu linatoka kwenye mise, ambayo karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni asidi ya lauriki. Ndiyo maana mchanganyiko wa mawese mengi na mise kidogo hupendwa. Hata hivyo sabuni yoyote ya kweli, iwe ya kiwanda au ya uani, ina pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Haiwezi kufanywa vinginevyo ikabaki sabuni. Anayetangaza sabuni ya mawese yenye pH ya ngozi anatangaza kitu kingine.

Sasa yarudi maji. Daktari Galen wa Pergamo, katika karne ya 2, alichanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi akapata krimu ya baridi. Ni babu wa krimu zote zinazouzwa leo. Ilitengenezwa kidogo kidogo, ikatumika mbichi. Kiwanda cha leo kinatengeneza kwa tani, kwa hiyo kinahitaji mpatanishi wa maji na mafuta, kihifadhi cha kuzuia bakteria na kuvu, kipimo cha pH, na maji yaliyosafishwa. Hivyo vinne ndivyo vinavyokosekana kwenye somo la siku moja. Kwenye sabuni ya maji, ambayo vikundi hutengeneza kwa salfoniki, soda ashi na chumvi, kihifadhi kinachotajwa mara nyingi ni formalini. Formalini huzuia kuoza, bila shaka. Ndiyo inayotumika kuhifadhi maiti. Inawasha ngozi na kusababisha mzio, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka formaldehaidi, kemikali iliyomo ndani yake, kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwenye kuosha vyombo kwa sabuni hiyo mara tatu kwa siku ana haki ya kujua.

Kusoma lebo ni ujuzi mdogo wenye faida kubwa. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, mpaka kufika asilimia 1. Chini ya hapo mtengenezaji anaweza kupanga anavyotaka. Chukua losheni yenye picha ya nyuki na mzinga. Kiambato cha kwanza ni Aqua, maji. Shuka mpaka fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho sheria za Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1. Ikiwa Mel imeandikwa baada yake, basi kwa kawaida asali iliyomo haifiki asilimia moja, na mnunuzi wa Kibondo amelipia picha ya mzinga ilhali mzinga wenyewe anao nyumbani.

Kuna makopo ambayo lebo haisemi kweli, au haipo. Krimu za kujichubua huitwa mkorogo, jina lililotungwa mtaani na linalosema ukweli kuliko matangazo: ni kukoroga. Haidrokwinoni inayotiwa humo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya bluu na meusi yasiyotoka. Zebaki huharibu figo. Krimu za steroidi kali kama klobetasoli, ambazo ni dawa za hospitali, hukondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Tangu mwaka 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi nchini ilihama kutoka mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ambayo sasa ni TMDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambalo humpa utambulisho na mafunzo kabla ya kufika huko. Kikundi cha sabuni chenye mizani na daftari la vipimo kina jambo la kuonyesha siku hiyo. Chenye vijiko hakina.

Lipo jambo moja ambalo jiko la nyumbani lisilijaribu hata likiwa na mizani, nalo ni krimu ya kukinga jua, jambo lenye uzito wa pekee Kasulu. Baada ya wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lililoanza kusikika mwaka 2007, shule ya Kabanga ya huko ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo watoto walikusanywa kwa usalama wao. Mapanga ni hatari moja. Jua ni nyingine, ya polepole, na saratani ya ngozi huwakuta wengi wakiwa vijana. Mafuta ya nazi, ya mlonge au ya parachichi hayazuii jua kwa kiwango cha kutegemewa. Unga wa zinki ukikorogwa kwa mwiko hujikusanya vidonge vidonge, na pale usipofika ngozi huungua, huku mpakaji akiamini amekingwa. Moshi, katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino kwa juhudi za mfamasia Mhispania Mafalda Soto Valdés na wenzake wa Kitanzania, huku kampuni ya BASF ya Ujerumani ikisaidia. Ina maji ndani, na ina kila kinachohitajika ili maji hayo yasilete madhara.

Nta ya Kibondo bado ina kazi kwa mtoto mwenye ualbino, ila ni kazi ya jioni. Kofia imeshatundikwa ukutani, shati la mikono mirefu limevuliwa, midomo imekauka kwa vumbi la kiangazi cha Julai. Hapo kidole huchota kidogo kwenye kopo lenye sehemu moja ya nta na nne za alizeti.