Tarehe Mbili za Mstari Mmoja

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za tarehe ambazo kompyuta hujiandikia yenyewe.

Tuseme Mzee Juma ni mwanachama wa ushirika. Tarehe 3 Juni alileta magunia 4 ya kahawa. Karani akamwandika katika hifadhidata, yaani daftari lililomo ndani ya kompyuta. Tarehe hakuiandika yeye. Iliandikwa na kompyuta. Hilo ni jambo jema, maana mkono wa mtu husahau.

Tarehe 20 karani aligundua kosa: magunia yalikuwa 5. Akasahihisha. Siku ya malipo, waliotangulia kuleta walilipwa kwanza. Mzee Juma akaambiwa, "Wewe, Mzee, umeleta tarehe 20. Ngoja."

Je, ni nani aliyemponza? Ni yule aliyelipanga daftari. Alitenga nafasi moja tu ya tarehe, nayo ikajiandika upya siku ya masahihisho.

Mambo haya hutokea kweli. Katika programu iitwayo MySQL, kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018, nafasi ya kwanza ya wakati iliyowekwa bila maelezo zaidi ilikuwa na desturi hiyo. Mstari ukibadilishwa, tarehe ya zamani inafutika.

Dawa yake ni hii. Kila mstari uwe na nafasi mbili. Ya kwanza ni wakati wa kuingizwa: hujazwa mara moja, haiguswi tena. Ya pili ni wakati wa kubadilishwa: hujazwa upya kila mstari unaposahihishwa. Katika programu nyingine, PostgreSQL, nafasi hiyo ya pili haijisasishi yenyewe. Mpangaji lazima aitungie amri yake.

Nanyi, ndugu wanafunzi, mkipewa stakabadhi ya kompyuta, isomeni palepale. Tarehe hiyo ni ya kuleta, au ya kusahihisha? Itunzeni. Anayejua kusoma tarehe yake hapotezi zamu yake.

Maswali ya kujibu:
1. Mzee Juma alileta kahawa lini?
2. Kwa nini kompyuta ilionyesha tarehe 20?
3. Ni nafasi ipi isiyobadilishwa kamwe?

Kwa leo tuishie hapo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.