Presha Ileile, Joto Jingine



Geji ya presha iliyozoeleka viwandani ni ya Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeipatia hataza mwaka 1849. Ndani yake mna kijibomba bapa kilichopindwa kama ndoana. Mvuke ukiingia, kijibomba hutaka kunyooka; ncha yake husogea kidogo mno, na vigurudumu vya meno huukuza msogeo huo hadi mshale uzunguke. Haihitaji betri wala waya. Mimi sichoki kuisifu.

Ila nje ya kijibomba kuna hewa tunayovuta, nayo inasukuma. Kwa hiyo geji haisomi presha yote ya mvuke. Inasoma ziada tu, ile iliyozidi presha ya hewa ya mahali ilipo.

Chukueni kiwanda cha maharage ya kopo. Spora za bakteria wa botulismu hustahimili maji yanayochemka, hivyo makopo hupikwa kwa mvuke ndani ya tangi lililofungwa, kwa kawaida kwenye nyuzijoto 121 za Selsiasi. Mombasa, geji ikisoma bar 1.03, mvuke mtupu una nyuzijoto 121 barabara. Lipandisheni tangi hilohilo, na geji yake, hadi Nairobi, ambako hewa inasukuma kwa takriban bar 0.83 badala ya 1.01. Mshale utasimama palepale, na mvuke utakuwa na nyuzijoto 118 hivi. Tatu pungufu, mtu atasema si neno. Kumbe kwa spora zile, muda wa kupika unatakiwa uwe kama mara mbili!

Hata pwani geji hupotosha, hewa ikinaswa tangini. Hewa huongeza presha bila kuleta joto la mvuke. Ndiyo maana fundi mzoefu huacha valvu ya kutolea hewa wazi mpaka mvuke uifukuze yote, kisha husoma kipimajoto kwanza, geji baadaye. Vikipingana, ama hewa imebaki, ama kifaa kimojawapo ni kibovu. Hapikii juu ya shaka.

Kwa kazi hii napendelea kipimajoto cha platini, ambacho ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzijoto sifuri na 138.5 kwenye nyuzijoto 100. Thamokapo tuwaachie wenzetu wa tanuri za saruji, ambako platini hiyo haidumu.

Wenye viwanda, nawaomba: msiwape mafundi tangi lenye geji peke yake. Wekeni na kipimajoto, na vyote viwili vipelekwe maabara ya ugezi kwa ratiba, si wiki ambayo mkaguzi ametangaza kuja.