Mama, Kabla ya Kuingia Msituni na Watoto, Nani Anajua Mko Wapi?

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila ongeza sauti ya redio kidogo.

Leo nitakupeleka mbali, hadi Marekani, kisha nitakurudisha nyumbani. Nitakueleza juu ya mchezo mmoja ambao huenda hujawahi kuuona, na juu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe, muuguzi mwenye cheti, nikiwa na mtoto wa dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaishi jimbo la Minnesota. Wakenya ni wengi huko, na wengi wao wanatunza wazee na wagonjwa kama yeye. Anafanya kazi usiku, mchana analala, na safari zake zote ni za gari. Nilipomtembelea mwezi wa Agosti mwaka 2023, nilimkuta amenenepa na presha imepanda. Daktari wake alikuwa amemwambia atembee. Lakini mama, wewe unajua: kumwambia mtu aliyechoka atembee tu bila pa kwenda, ni kama kumwambia mtoto anywe dawa chungu bila sukari. Hatatembea.

Rafiki yake wa kazini ndiye aliyemwonyesha mchezo huu. Wanauita gofu ya visahani. Badala ya mpira na fimbo, unarusha kisahani cha plastiki, na badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma juu ya mlingoti, chenye minyororo inayoning'inia. Kisahani kikigonga minyororo kinaanguka ndani ya kikapu, chwa! Unahesabu umerusha mara ngapi, unakwenda kikapu kinachofuata. Uwanja wa kawaida una vikapu 18 au 9. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa California mwaka 1975, na mtu aliyeubuni, Ed Headrick, ndiye aliyetengeneza kikapu hicho cha minyororo. Nitakuchekesha kidogo: alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki, yakafinyangwa visahani, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Watu wana mambo yao.

Uzuri wa mchezo ni kwamba mtu anatembea bila kujua anatembea. Mzunguko wa vikapu 18 ni saa mbili hivi za kupanda na kushuka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamsha mwili kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Dada yangu alikuwa akizipata dakika zake huku akicheka. Presha ilikuwa imeanza kushuka. Kwa hiyo nisieleweke vibaya hapo mbele: mchezo wenyewe ni mzuri.

Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma, kila mtu anaingia. Lakini vingine ni mali ya mtu binafsi. Mkulima ana msitu wake, hauzi mbao, anafyeka njia, anasimika vikapu. Unapiga simu kabla, anakuruhusu, unaweka pesa kidogo kwenye sanduku langoni. Siku ile tulikwenda uwanja wa namna hiyo: mimi, dada yangu, binti yake wa miaka 12 na kijana wake wa miaka 6. Barabara ya lami iliisha, ikaja ya changarawe, kisha lango la mbao bila kibao chochote. Ukipita haraka huwezi kujua kwamba kuna kitu. Mzee mwenye shamba alitupokea vizuri, akatupa karatasi yenye ramani ya vikapu, akatuambia leo mko peke yenu. Tulifurahi! Watoto wapige kelele wapendavyo. Ndege tu, na miti, na upepo.

Mama, sikuuliza kitu hata kimoja. Sikuuliza kama simu inashika. Sikuuliza njia ya mkato ya kutokea ni ipi. Niliweka ramani ile kwenye mkoba pamoja na chupati za watoto, nikafunga zipu.

Tulipofika kikapu cha 11, kijana alirusha kisahani chake kikaingia vichakani, kwenye kisiki kilichooza. Akakimbilia, akatia mkono. Pale chini palikuwa na kiota cha nyigu. Kule kwao nyigu wa manjano na nyeusi hujenga ndani ya ardhi, na mwishoni mwa kiangazi ndipo wanapokuwa wengi na wakali kuliko wakati wote. Nyigu si kama nyuki. Nyuki akikuuma anaacha mwiba wake na kufa. Nyigu anauma, anatoa mwiba, anauma tena. Kijana alipiga mayowe. Tulimkamata, tukakimbia naye mbali na kile kiota kwanza, kisha nikamkagua: shingoni, mkononi, tumboni. Mara sita au saba.

Kuumwa kunauma, sote tunajua. Panavimba, panawasha, siku ya pili panapoa. Hilo halinitishi. Lakini baada ya dakika chache niliona vipele vikubwa vimetoka mapajani, mahali ambapo hakuna nyigu aliyemgusa. Kisha mdomo ukavimba. Kisha akasema, "Mama mdogo, koo langu limejaa," na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kukwaruza.

Hapo nilijua. Huo si uvimbe wa kawaida. Ni mwili mzima unaopambana na sumu kupita kiasi, mpaka njia ya hewa inaanza kuziba na presha inaanguka. Mtoto anaweza kufa katika muda mfupi sana. Dawa yake ni moja, sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Sikuwa nayo. Dada yangu alitoa simu: hakuna mtandao. Akajaribu 911, namba yao ya dharura, ambayo inaweza kupita hata kwenye mtandao wa kampuni nyingine ikiwa upo. Haikupita.

Dada alitaka kumbeba begani akimbie naye hadi kwenye gari. Mama yeyote angetaka hivyo. Nilimkatalia, na mpaka leo ananiambia alitamani kunipiga. Lakini mtoto wa namna hiyo hasimamishwi wala hatembezwi. Presha yake imeshuka. Ukimwinua ghafla, damu inaweza kukosa kurudi moyoni. Analazwa chali, miguu inainuliwa juu ya mkoba au jiwe. Kama anahema kwa shida, anaachwa akae huku miguu imenyooshwa, asisimame. Akitapika, mlaze ubavu.

Ndipo nikakumbuka ramani. Niliifungua mikono ikitetemeka. Nyumba ya mzee ilikuwa imechorwa nyuma ya kikapu cha 4, na njia ilipita karibu. Dada yangu, yule aliyekuwa hawezi kupanda ngazi bila kuhema, alikimbia njia yote ile. Mimi nilibaki na kijana, binti akamshika mkono mdogo wake na kumsimulia hadithi ya sungura niliyokuwa nimewasimulia jana yake. Nilihesabu pumzi: 42 kwa dakika moja. Akawa mweupe midomoni. Akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniogopesha zaidi.

Mzee alikuwa na simu ya mezani. Alipiga, kisha akaja kwa kigari chake kidogo cha shambani, tukamlaza kijana nyuma bila kumwinua. Mkewe mzee alikwenda kusimama barabarani na kitambaa chekundu, kwa sababu alijua gari la wagonjwa lingepita lile lango bila kuliona. Lilifika baada ya dakika 25 hivi. Walimchoma paja palepale, kabla ya kumhoji mtu. Baada ya muda kidogo sauti yake ilirudi, akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Hospitalini hawakumwachilia mara moja. Hali hii inaweza kurudi saa kadhaa baadaye, hata kama mtoto anaonekana mzima na anaomba chakula. Walimchunguza mpaka usiku. Alipewa kalamu mbili za adrenalini za kutembea nazo, mbili kwa sababu wakati mwingine moja haitoshi, na baadaye akaanzishiwa sindano za kuuzoesha mwili sumu ile kidogo kidogo. Matibabu hayo huchukua miaka 3 hadi 5.

Sasa turudi nyumbani. Pengine unasema, muuguzi, hayo ni ya Marekani, sisi hatuna vikapu vya minyororo. Ni kweli. Lakini nyuki wetu ni wakali kuliko wao, na watoto wetu wanakwenda mtoni, wanachunga mbuzi, wanaokota kuni mahali ambapo simu haishiki. Kwa hiyo nisikilize vizuri hapa.

Nyuki wakivamia, usipige mikono hewani. Mfunike mtoto uso kwa kanga, mkimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari. Usijitupe mtoni, watakungoja juu ya maji. Mkishakuwa salama, toa miiba haraka, kwa ukucha au kwa chochote ulicho nacho. Ule mwiba una kifuko kinachoendelea kusukuma sumu, kwa hiyo usipoteze dakika ukitafuta wembe. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi.

Kisha mtazame. Kama uvimbe uko mahali alipoumwa tu, subiri nyumbani. Lakini ukiona vipele mwili mzima, midomo au ulimi umevimba, sauti imebadilika, anakohoa au anakoroma akihema, anatapika, analegea au anazimia, usikae. Na mtoto aliyeumwa mara nyingi sana, hata kama hana dalili hizo, apelekwe. Usimpake kitunguu ukingoja. Usimpe Piritoni ukasema umemtibu. Piritoni hupunguza kuwasha. Haifungui koo lililoziba wala haipandishi presha. Nimewaona akina mama wazuri kabisa wakifika kituoni wamechelewa kwa sababu ya kijiko kimoja cha Piritoni.

Peleka wapi? Kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama ni zahanati ndogo. Kila mahali panapotolewa chanjo panatakiwa kuwa na adrenalini. Ukifika, usipange foleni. Sema kwa sauti: "Mtoto ameumwa na nyuki, hawezi kupumua." Na njiani alazwe. Ukipata bodaboda tu, najua hali ilivyo, lakini gari ni bora kwa sababu anaweza kulala. Piga mlango wa jirani mwenye gari, hata kama hamsalimiani. Namba za dharura ni 999 au 112.

Na kabla ya kutoka nyumbani kwenda mahali pa faragha, iwe ni msitu, shamba la mtu, au matembezi ya kanisa, mwambie mtu mmoja anayebaki: tunakwenda mahali fulani, tutarudi saa fulani, tusiporudi njooni. Ukifika, tazama simu yako inashika wapi, na kumbuka pale iliposhika mara ya mwisho. Muulize mwenyeji nyumba iliyo karibu ni ipi. Ramani au karatasi ukipewa, iwe mfukoni, isiwe chini ya chupati. Mtoto akipoteza kitu kichakani, mtu mzima achokoe kwa kijiti kwanza. Hata nyoka wetu atashukuru.

Jioni, mkirudi, wavue watoto nguo na kuwakagua: nyuma ya masikio, makwapani, kiunoni, katikati ya nywele. Jioni ile niliporudi kutoka hospitalini nilimkuta binti ana kupe nyuma ya goti. Kule kupe huleta ugonjwa wa Lyme. Huku kwetu kupe nao wana homa zao. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, uoshe. Akipata homa au upele wiki zinazofuata, mwambie daktari kwamba aliumwa na kupe.

Dada yangu amerudi kwenye uwanja ule ule mara nyingi. Mzee ameweka ubao langoni, umeandikwa simu inashika kikapu gani na haishiki kipi. Kijana sasa anamshinda mama yake.

Nawe ukitaka kuujaribu mchezo huu, huhitaji kununua kitu. Chukua vifuniko vya ndoo vya plastiki, tundika karai kuukuu kwenye mti, chora mstari. Asiyerusha asimame nyuma ya anayerusha, maana kifuniko kikimpata mtoto jichoni hatutacheka. Zunguka boma nzima, karai hadi karai, na wewe mama urushe, usikae tu kwenye kigoda ukihesabu.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya minyoo. Kwaheri.

(Muziki unapanda.)